Nilikuwa nawakanyaga watu migongo Kariakoo kwa sababu nimezaa mapacha: yaliyompata Bakari hamali

Wakuu, vijana nawaitikia marahaba kabla hamjaniamkia. Wa rika langu, habari za viungo.

Mimi nimesoma kisomo cha watu wazima tu, kwa hiyo nukta na mkato msinidai. Ila majina nayakumbuka yote, na hapa siongezi chumvi. Sehemu ninayojiaibisha mwenyewe nitaiandika hivyo hivyo.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, miaka ya foleni. Tulipanga Kariakoo, upande wa Msimbazi, nyumba ya vyumba sita. Mimi na mume wangu Selemani tulikaa chumba cha pili kushoto. Chumba cha kuelekeana nasi alikaa Bakari Namkuna, mtu wa Lindi, hamali wa magunia pale sokoni, na mkewe Somoe.

Nikajifungua mapacha, Kulwa na Doto.

Wakati ule, na hata sasa kwa wengine, mwanamke aliyezaa mapacha miguu yake ni dawa ya mgongo. Mgonjwa analala kifudifudi kwenye mkeka mlangoni, asubuhi kabla hajala. Unamkanyaga kiunoni mara tatu kwa kisigino cha kulia. Anaondoka bila kusema asante, maana akishukuru dawa imeharibika.

Sikuomba kazi hiyo. Arobaini haijatimia, watu wameshaanza kupiga hodi.

Alikuja Mama Aikande, Mchaga wa nyumba ya tatu, kiuno kimekaza kwa kusimama foleni ya sukari tangu alfajiri. Alikuja Mzee Pazi fundi cherehani, shingo haigeuki. Huyo nilimkanyaga mabegani, akasema, "Mwanangu, ongeza uzito. Hivi unanibembeleza nilale."

Wengi walipona. Leo najua wengi wangepona hata kwa kukandwa maji ya moto na kupumzika, maana zilikuwa nyama zimechoka. Wakati ule nilijua ni kisigino changu.

Bakari naye alikuja. Gunia la chumvi lilimvuta mgongo vibaya. Nikamkanyaga, siku ya tatu akarudi kazini, akanitangaza soko zima. Watu wakawa wanatoka mpaka Buguruni kuniulizia.

Nisiwafiche, nilivimba kichwa.

Miezi kadhaa baadaye Bakari akarudi. Safari hii maumivu hayakukaa kiunoni. Yalianzia takoni, yakapita nyuma ya paja mpaka shavu la mguu, kama kamba ya moto. Akikohoa tu anashika ukuta.

Asubuhi ile anavuka ukumbi kuja mlangoni kwangu, ndala ya mguu wa kushoto ikamvuka, ikabaki nyuma. Hakujua. Akaendelea kutembea.

Hamali mwenzake, Chande, aliyekuja naye, akacheka. "Bakari, hiyo ndala nyingine umeitoa mahari?"

Bakari akatazama chini, akacheka pia. Kisha akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Kulwa, mguu huu umekufa ganzi, leo siku ya nne. Nikanyage vizuri. Kundi letu la mahamali wakijua siusikii, watanitoa kwenye magunia."

Hapa ndipo penye kosa langu. Mama yangu, Bi Tatu, ambaye naye alizaa mapacha, alishaniusia: mguu uliokufa ganzi haukanyagwi, hiyo si yetu, mpeleke hospitali. Nililikumbuka neno lake pale pale. Ila mlangoni kulikuwa na watu wanangoja zamu na wananitazama. Nikaona nikimkatalia Bakari, watasema dawa imeniisha.

Nikamkanyaga. Alipoguna nikaongeza uzito, nikadhani ndiyo panafunguka.

Kesho yake asubuhi Somoe akanifuata uani nikiwasha moto. "Mama Kulwa, mwenzangu tangu jana alasiri hajapata haja ndogo. Na anasema akikaa hasikii kama amekaa."

Niliacha jiko likiwaka, nikaenda kumwita balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kitwana. Mkokoteni ukaletwa. Bakari akalazwa juu, Chande akasukuma mpaka hospitali ya serikali, sisi tukimfuata nyuma.

Njiani balozi akasema, "Huko tutasema alianguka na gunia. Mambo ya kukanyagana tuyaache nyumbani, wasije wakamfunga huyu bure ana watoto wachanga."

Daktari alikuwa kijana. Akauliza imekuwaje. Balozi akasema, "Alianguka jana na gunia."

"Kabla ya jana mguu ulikuwa mzima?"

Bakari alikuwa ameuma shuka kwa maumivu. Somoe akanitazama mimi, si daktari.

Nikasema, "Ndugu daktari, hakuanguka. Mimi nilimkanyaga mgongo jana. Na kabla sijamkanyaga mguu ulikuwa na ganzi siku nne, mwenyewe aliniambia."

Nilitegemea matusi. Akauliza tu, "Mkojo ulizuilika kabla au baada?" Nikasema baada. Akamwita mkubwa wake, na Bakari akapasuliwa siku hiyo hiyo.

Baadaye alitueleza kwamba kati ya pingili za mgongo kuna kitu laini kama mto. Cha Bakari kilikuwa kimechomoka, kimebana mishipa ya fahamu. Kama ni kisigino changu kilichokimalizia au kilikuwa kinakuja chenyewe, hakusema. Sikuuliza, na mpaka leo sijui.

Mkojo ulirudi. Mguu wa kushoto aliuburuta mpaka alipofariki. Magunia basi, akawa muuza kahawa.

Nilimwendea kumwomba radhi. Akanimiminia kikombe. "Mama Kulwa, mimi nilijua nikakuomba, wewe ulijua ukakanyaga. Hili tugawane."

Somoe hakutaka mgawo huo. Alikaa mwaka mzima hanisemeshi, na sikumlaumu.

Sikumkanyaga mtu tena. Walisema nina maringo.

Sasa juzi mjukuu wangu Mwajuma kanipeleka kwa chiropractor, wale wataalamu wa kunyoosha uti wa mgongo, kwa sababu ya shingo. Kabla hajanigusa yule baba akaniuliza: mikono inakufa ganzi? Miguu inaishiwa nguvu? Choo unakwenda sawasawa? Umewahi kuanguka? Halafu akataka picha ya X-ray kwanza.

Mwajuma akaninong'oneza, "Bibi, maswali yote hayo ya nini, si anyooshe tu twende?"

Nikamwambia, "Mwache aulize."

Wakuu, mgongo uliochoka na mgongo uliobana mishipa si ugonjwa mmoja. Maumivu yakishuka mguuni na ganzi, muone daktari kwanza. Haja ikizuilika, au ikitoka bila wewe kujua, au ukikaa husikii ulipokalia, usichuliwe, usinyooshwe, usikanyagwe. Hospitali siku hiyo hiyo.

Na nyie mnaochua watu, ambao mikono yenu inasifiwa: siku umejua hii si yako, na watu wamejaa mlangoni wanakutazama, ulifanyaje? Andikeni. Nasoma polepole, lakini nasoma zote.