Neno Nililompa Baba Mkwe

Mjukuu wangu anasoma chuo, anasomea mambo ya akili za vijana. Likizo iliyopita alikaa nami jikoni akinisimulia jinsi wataalamu wa siku hizi wanavyochunguza kwa nini vijana wanapata sonona. Akasema kijana mwenye mtu hata mmoja wa kumweleza ya moyoni huweza kustahimili mengi. Nikamwambia hilo nalijua.

"Bibi, umelijulia wapi, na shule uliishia darasa la pili?"

Nikamwambia nililijulia Iringa, kwa mama mkwe wangu. Akanitaka niandike. Majina ya wote ninayo, hata la mbwa wao, lakini nayaacha, maana wajukuu zao wapo.

Niliolewa miaka ya hamsini, Uhuru bado. Mume wangu alikuwa seremala, Mhehe, alikuja Mbeya kutengeneza madawati ya shule ya misheni, akaniona kanisani. Mimi ni Mnyakyusa. Wazee wakakubaliana, ndoa ikafungwa, tukapanda lori kwenda kwao Iringa.

Sasa, kwetu mke hamtazami baba mkwe. Tunaita ukutila. Bibi yangu alinifunda: ukimsikia anakuja, jifiche, jina lake usilitamke, njia anayopita, ipishe. Wakristo wengi walikuwa wameanza kulegeza, lakini bibi yangu hakulegeza kitu. "Ukimtazama baba mkwe usoni," alisema, "umemtukana mama yako aliyekulea."

Nikafika Iringa na mafundisho yangu. Kwa Wahehe nako heshima ipo, tena kubwa, lakini ya kwao ni nyingine. Mke anapiga goti, anamwamkia baba mkwe "kamwene", anampokea jembe. Mimi nikisikia hatua zake natimua mbio. Siku moja niliacha ndoo ya maji ikamwagika njiani, nikaingia kwenye mahindi nikachuchumaa. Mzee wa watu akasimama anatazama maji yanavyopotea.

"Mwanangu, umeona nyoka?" akaniita. Nikazidi kujikunja kwenye mahindi.

Wifi yangu, msichana wa rika langu mwenye mdomo, akapata la kusema. "Kaka yangu kaoa swala. Mchana yuko porini, jioni anarudi nyumbani kula."

Lakini hata kula sikuwa nakula. Mume alifanya kazi misheni ya mbali, akirudi Jumamosi tu. Kihehe sikijui, Kiswahili changu cha kuokoteza, na wao vilevile. Ugali nilimega tonge moja nikanawa. Usingizi ukanihama. Nilikuwa nachuma majani ya maboga, machozi yananitoka, na ukiniuliza nalia nini, sijui. Mume akija namwambia sijambo, kwa sababu bibi alisema mwali halalamiki.

Majirani wakajumlisha: anakimbia watu, hali chakula, hasemi, analia. Wakasema huyu kachanganyikiwa. Jirani mmoja akamwambia mama mkwe, "Mrudisheni kwao mapema, asije akawafia." Wakwe wakamweleza mume, naye akakubali shingo upande, akazungumza na dereva wa lori la mbao aliyekuwa anakwenda Mbeya Jumamosi inayofuata. Nikaambiwa nifunge nguo zangu. Wasichana wa wakati ule tulijua kurudishwa ni nini. Utaulizwa na kila mtu, na jibu huna. Na mume wangu nilikuwa nampenda.

Siku chache kabla ya safari, mama mkwe akaniita tupukuchue maharage, pamoja na wifi. Baba mkwe alikuwa nyuma ya nyumba anachonga mpini wa jembe.

"Mwanangu, kabla hujaondoka niambie. Kwa nini unamkimbia baba yako?"

Nikalitafuta neno la ukutila kwa Kiswahili. Nikapata moja tu.

"Namwogopa."

Wifi akaacha kupukuchua. Mama mkwe akaweka ungo magotini, taratibu. "Amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu."

"Sema tu. Hapa tuko wanawake."

"Ni baba. Ndiyo maana namwogopa."

Nyuma ya ukuta panga likanyamaza. Nikauona uso wa mama mkwe, ndipo nikaelewa kwamba neno langu limefika mahali nisipolituma. Baba mkwe, mzee wa kanisa, alikuwa anaharibikiwa jina kwa kinywa changu. Nikasema harakaharaka:

"Mama, hata mama yangu anamwogopa babu, baba mkwe wake, mpaka leo. Babu akija, mama anaingia migombani. Na babu anampenda kuliko hata watoto wake. Asiyemwogopa baba mkwe hakulelewa."

Mama mkwe akafikiri. "Kumbe kwenu kuogopa ni heshima?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile siku ya maji?"

"Heshima."

"Na ulipoingia zizi la mbuzi?"

"Heshima, mama."

Alicheka mpaka maharage yakamwagika. Sauti ikatoka nyuma ya ukuta: "Mama watoto, mwambie mimi nilidhani ni harufu ya ugoro wangu. Nimeuacha kwa ajili yake. Nimeteseka bure."

"Kumbe baba nawe ulikuwa unamwogopa," wifi akasema.

"Namheshimu," akajibu.

Tukacheka wote. Kisha mama mkwe akanitazama vizuri. "Na kutokula, mwanangu? Nako ni heshima?"

Hapo kicheko kikaniisha. "Hapana, mama."

"Ni nini?"

"Sijui. Sina wa kuongea naye."

Hakuniambia nivumilie. Hakuniambia wenzangu wameweza. Alivuta kigoda chake karibu na changu, akaniuliza mama yangu anapikaje ndizi. Nikamweleza kwa maneno na mikono. Akauliza tena, juu ya wadogo zangu, juu ya mvua ya kwetu. Kutoka siku hiyo wifi alihamishia mkeka wake kwangu, akawa ananifundisha Kihehe na kunicheka matamshi. Baba mkwe naye, akikaribia nyumba, alianza kuimba wimbo wa kanisani tangu mbali ili nipate muda wa kupisha. Sauti hakujaliwa, lakini aliimba. Usingizi haukurudi kwa mkupuo, na machozi yalikuja siku nyingine. Tofauti ni kwamba sasa yalikuwa na mtu wa kuyauliza.

Jumamosi lori likafika. Mume akashuka kichwa chini, akauliza mzigo wangu uko wapi.

"Haendi," mama mkwe akasema.

"Si mlisema anaumwa?"

"Aliumwa upweke. Sisi dawa tumeanza kumpa. Wewe ongeza yako, urudi katikati ya wiki."

Mume akanitazama. Nikamwambia sijambo, na safari hii haukuwa uongo mtupu. Dereva akapiga honi. Kiti cha mbele alikuwa ameniwekea mimi. Mama mkwe na wifi wakabeba gunia la maharage, zawadi kwa mama yangu, wakalikalisha pale.

"Afadhali huyu," dereva akasema akiwasha gari. "Huyu hatanililia njiani."