Wapiga Solo Wawili wa Scarborough

Nilipanda ndege kwa sababu wanangu mapacha, Kulwa na Doto, walikuwa hawasemezani tangu Pasaka. Watu wazima wenye mvi, wanakaa ghorofa moja huko Scarborough, Toronto, milango inatazamana. Nikawaambia wenzangu wa kwaya hapa Shinyanga: nikifa leo, hawa watanizika kwa zamu. Nikafunga mashati mawili ya kitenge, sare, nikaondoka.

Uwanja wa ndege walikuja wote, kila mtu na gari lake. Begi likaenda na Doto, mimi nikaenda na Kulwa.

Njiani nikauliza kisa.

"Mama, ni historia."

Wana bendi, wanaiga bendi moja ya zamani ya Waingereza. Bendi ninazozijua zina mpiga gitaa la solo mmoja. Ile ilikuwa na wawili, wimbo mmoja, huyu anapiga juu, yule chini. Sasa wanangu hawakuiga nyimbo tu, waliiga na maisha. Waingereza walifuga nywele; Doto ana kipara, akanunua. Waingereza wakamfukuza mpiga ngoma. Na wao wakamfukuza wa kwao, mtu hana kosa.

"Halafu?"

"Halafu mpiga solo mmoja akagombana na mwenzake, akaondoka. Ikabidi Doto aondoke."

"Mligombania nini?"

"Hatujui, Mama. Kitabu cha ile bendi hakikusema."

Saa saba mchana, nyumbani kwa Kulwa, nilimkuta Mkongomani mpole, Papi, aliyechukua nafasi ya Doto. Anamenya vitunguu. Nikasonga ugali, nikaufunika. Kwetu mapacha hawalishwi mmoja mmoja. Ukimpa Kulwa, Doto anapokea saa ileile.

"Hali mtu hapa mpaka Doto aje."

"Mama, bado miaka tisa ndiyo arudi."

"Kumbe yule Mwingereza alirudi?"

"Alirudi."

"Basi arudi leo. Fungua mlango."

Doto alikuwa amesimama hapo nje, begi langu mkononi. "Shikamoo, Mama. Harufu imefika mpaka kwangu."

Wakanawa, wakala sahani moja. Nikawapa mashati. Papi akachukua gitaa lake taratibu. "Mama, miye nirudi kwangu."

Mapacha wakamdaka, huyu mkono, yule mkono. "Kaa! Kwenye historia huyu hakufukuzwa. Wakawa watatu."

Nimerudi Shinyanga. Nilichojifunza: ugomvi usio na sababu usiutafutie sababu, pika. Sasa niko kwenye cherehani. Kitenge kile kimekwisha dukani na Papi ni mnene, kwa hiyo nimefumua gauni langu la kwaya, la kitenge kilekile.