Birika ya Feza ya Mama Odile

Mwenye kutaka kucheka, acheke sasa amalize. Hii mambo niliiona na macho yangu, muchana mweupe, hapa mutaani kwetu Makomeno, na sikukuwa nimekunywa hata bière moja.

Kazi yangu ni kupiga mukuba, ile shaba yetu: ninapiga nyundo, inatoka tembo, inatoka sura ya muntu. Siku moja jirani yangu, Mama Odile, akaniletea birika ya feza ya zamani. Mukono wa birika ulikuwa dragon nzima, ule nyoka wa hadisi mwenye miguu, na magamba yake yote. Babamkwe wake aliiacha, ule aliyetumika ku chemin de fer, ku njia ya treni. Sasa Mama Odile alitaka kumupa binti yake siku ya ndoa. Lakini chini yake kulikuwa herufi mbili za Kizungu na alama moja ya Kichina, kadogo sana.

— Papa, unifutie ile alama. Bakwe bakigeuza bataona ni ya Chine, batasema nimeleta kitu ya bure!

Nani hapa mujini hasemi vile juu ya vitu vya Chine? Nikafunga birika mu étau, ile chuma ya kubana, nikachukua tupa, nikaanza kukwaruza. Nilipofika nusu ya alama, mvua ikaanguka, na muntu akapiga hodi.

Muzee wa Kichina. Bachina ni bengi hapa, sikushituka. Nusu ya uso wake alikuwa ameifunika na kitambaa. Inje matope tupu, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu. Akasema na Kiswahili chetu kabisa:

— Fundi, zile herufi ni za mwenye duka aliyeuzia Bazungu. Yeye umufute, sina neno. Ile kadogo ni miye niliyepiga birika.

Akatosha kitambaa ku uso. Aba! Upande ule hakukuwa jicho, hakukuwa shavu, hata kovu. Kulikuwa laini, kunang'aa, sawa feza iliyopitiwa na tupa. Mukojo ulinitoka, nasema bila haya.

— Unirudishie nusu yangu, akasema, pole pole.

Tupa ikanianguka. Kuinama, kuinuka, muntu hayuko.

Birika sikuirudisha. Nilimupa Mama Odile sahani kubwa ya mukuba, mutoto akaolewa nayo, lakini mama hanisalimii tena. Nikachukua patasi, nikaanza kuchonga ile nusu iliyopotea. Lakini miye Kichina nakijulia wapi? Nilionyesha Bachina ba mine, bale banaochimba mukuba, banasema ile iliyobaki inaweza kuwa majina mengi. Basi ninabahatisha. Kila mvua ikinyesha muzee anakuja, anapapasa chini ya birika, anatikisa kichwa, anaenda.

Weye unayesoma, kama kwako kuko kitu ya zamani yenye alama usiyoielewa, uiache hivyo hivyo, hata bantu baseme nini. Juzi nimeongeza mustari mumoja, na muzee amekuja na jicho, lile nililomuchongea. Halifungi. Linaniangalia tu, na lile lingine, lake la kweli, linalia.