Mwingereza Alisema Moja, Mimi Nikatafsiri Lingine

Kosa ni langu. Msimsingizie shetani, maana siku ile yeye mwenyewe angenishangaa!

Niko hapa Bukavu, na mdomo wangu ndio mkate wangu. Kiingereza nilikipata Kampala, tulipokimbilia huko na mama. Niliporudi, makanisa ya uamsho yakanifanya mtafsiri wa wahubiri wageni. Mnaijua kazi ile. Mhubiri akiruka, nawe unaruka. Akilia, nawe unalia kumzidi. Akisema kidogo, unaongeza chumvi, na waumini wanasema una upako. Huko ndiko ulimi wangu ulikoharibikia.

Basi akaja Mwingereza mmoja, mwigizaji wa michezo ya kuimba huko London, kukisaidia kikundi chetu cha maigizo, na mtafsiri wake nikawa mimi. Tulikuwa tunatayarisha mchezo juu ya baba mmoja wa mtaa wetu wa Cimpunda anayekataa ng'ombe wa mahari ya binti yake. Nafasi ya yule baba ilikuwa bado haina mtu, na Mwingereza ndiye angechagua. Jamani, niliitamani! Nilishajiona nimevaa kofia ya yule mzee, Kadutu yetu nzima inanipigia makofi mimi mwenyewe, si mhubiri fulani.

Siku ya kwanza mgeni alisimama akaeleza maisha yake. Akasema karibu miaka yote amekuwa mtu wa akiba. Kwao, kila mwigizaji mkubwa ana mwenzake anayejifunza maneno yake yote na nyimbo zake zote, kisha anakaa nyuma ya pazia akingoja mkubwa augue. Mara nyingi mkubwa haugui. Ndiyo kazi yake, alisema, na anaipenda.

Nikaona aibu kwa niaba yake! Mgeni atoke mbali hivyo, halafu niwaambie watu wa Bukavu kwamba ni tairi la akiba? Nikapanua kifua.

"Huyu papa munaona hapa, njo namba moja ya Londres! Akiimba, hata baministre banalia!"

Kusikia ni mtu anayewaliza mawaziri, watu wakasimama. Vigelegele, makofi, mama mmoja akarusha kitambaa juu. Mwingereza akabaki mdomo wazi. Akaniinamia sikioni, macho yamelowa, akasema hajawahi kuona watu wanaomheshimu mtu wa akiba namna hii. Nikamwambia ndiyo desturi yetu.

Ningeishia hapo, ningekuwa mcheshi tu. Sikuishia.

Kikundini alikuwemo Espoir, rafiki yangu tangu utoto. Tumekula sombe, kisamvu chetu, sahani moja. Ana sauti ambayo kanisani inawafanya watu wasahau kukaa, lakini ni mwoga, ukimtazama anainama. Siku ya kuchagua aliimba akiangalia viatu vyake, na Mwingereza akainuka kitini. Akaniambia mbele ya wote, kwa Kiingereza: huyu ndiye baba. Mwambie asiogope. Mwambie sauti kama hii nimeisikia mara chache sana. Mpe kofia.

Nikaichukua kofia. Nikamgeukia rafiki yangu.

"Espoir, ndugu yangu, anasema sauti yako iko muzuri, lakini inafunika benzako. Ubakie kule nyuma na baimbaji ba chorale. Kazi ya papa, anasema niikamate miye."

Na kofia nikaivaa mwenyewe, tena kwa sura ya huzuni, kama mtu aliyebebeshwa mzigo!

"Haina shida," Espoir akasema polepole. "Umuambie aksanti." Akaokota koti lake, akaelekea mlangoni.

Mwingereza akaniuliza mbona anaondoka. Nikajibu kwamba anakwenda kulia kwa furaha, ndiyo desturi yetu.

Desturi ya kwanza aliimeza. Ya pili ilimkwama. Nilisahau kwamba mtu huyu amekaa nyuma ya pazia maisha yake yote akimtazama mwingine akiimba. Mgongo wa mtu aliyenyimwa anaujua vizuri kuliko sisi sote.

Hakuniuliza tena. Akamfuata Espoir, akamshika mkono, akamrudisha katikati ya ukumbi. Akanivua kofia, akamvika. Kisha akaanza kupiga makofi peke yake. Hakuna aliyehitaji mtafsiri!

"Kumbe wee!" akapiga kelele Maman Véronique, mkubwa wa kikundi. "Siku zote hizi ulikuwa unatuambia nini?"

Nilitafuta shimo la kuingia, sikuliona. Mwingereza hata hakukasirika. Alicheka, akasema nimepata kazi: nitakuwa akiba wa Espoir. Akanifundisha yeye mwenyewe, kila wimbo, kila kikohozi cha yule baba. Siku ya mchezo nilikaa nyuma ya pazia na tamthilia nzima tumboni. Nilimwombea Espoir mafua, Mungu anisamehe! Nilimpelekea hata Fanta ya barafu. Akainywa, akashukuru, akaenda kuimba, na ukumbi mzima ukasimama. Nililia. Alikuwa hodari, na mimi nilikuwa nimetaka watu wasimsikie.

Espoir hakunitukana hata mara moja. Ila tangu siku ile, nikimwambia neno lolote, kwa Kiswahili chetu kile kile cha Cimpunda, anamgeukia mke wake na kuuliza nimesema nini. Watu wanacheka. Nami nacheka nao, kisha nashika njia ya nyumbani mapema.

Jumapili moja nilishindwa. Nikaenda kwake, nikapiga magoti sebuleni.

"Espoir, unisamehe. Nilikukosea, na ninakupenda kama ndugu."

Halafu akamgeukia mke wake.

"Mama Gloire, huyu anasema nini ya kweli?"

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Wala yeye.

Ndugu yangu unayesoma, ukipewa neno la mtu umpelekee mwenzako, lifikishe lilivyo, hata kama linakuuma. Ukilila njiani, utashiba siku moja tu. Baadaye utakuwa na neno lako mwenyewe, la kweli kabisa, na hutapata wa kulipokea.