Maksai Ndani ya Ngitili

Marehemu mume wangu aliniachia ngitili upande wa Usagara, huku kwetu Usukumani, na mpaka leo sijaona shamba la mtu linaloishinda kwa uzuri. Kwa asiyejua, ngitili ni malisho unayoyafunga masika yote, ng'ombe haingii, ili kiangazi nyasi za nje zikiisha uwe na pa kukimbilia. Ndiyo kazi yake. Lakini ukifunga nyasi hufungi nyasi tu. Mvua ikishika, yanatoka maua ya njano, mekundu, ya zambarau, mengine hata kwa Kisukuma siyajui majina. Nyuki wanavuma kutwa. Kwale wanataga humo, na korongo wale wenye taji wanatembea wawili wawili kama wamealikwa harusini. Nilikuwa naenda kuokota kuni pembeni, nasahau kuni.

Wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao, pamba iliwapanda watu kichwani. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alishailima ngitili yake yote. Mvua zimeanza, akaja kwangu na plau na maksai wawili, wala hakubisha hodi.

"Shemeji, hapa panalala bure. Maua nani anayanunua?"

"Kaka yako alipafunga. Wewe unapafungua kwa ruhusa ya nani?"

"Ya ukoo!"

Akawaingiza. Wale maksai walikuwa wametoka kiangazi mbavu nje. Kufika kwenye nyasi mbichi, wakainamisha vichwa wakala. Akachapa. Wakala. Akavuta, akatukana, wakasogea kidogo, wakala tena. Kwale akafurumuka miguuni pake, shemeji naye akaruka, plau ikalala ubavu.

"Shemeji," nikamwambia, "hao umewaleta kulima au kwenye sherehe?"

Akacheka. Kisha akawatazama wanavyokula. Mfugaji hawezi kutazama kitu kile akabaki na hasira.

"Kumbe wana njaa hawa," akasema, kama vile ndiyo kwanza anawaona. Akawafungua plau. "Basi waache washibe, shemeji."

"Hapana. Ngitili imefungwa. Watoe. Tukifungua kiangazi, wako wataingia siku ile ile na wangu."

Kuwatoa ilikuwa kazi kuliko kuwaingiza. Kiangazi kilipofika aliwaleta, na safari hiyo alibisha hodi.