Tunzo la Mama Ukumbini

Mama yangu hajapata kuielewa viola ninayoipiga, na simlaumu. Katika Unguja anayoikumbuka yeye, fidla zote za kilabu cha taarabu zilipiga wimbo mmoja kwa pamoja, na baba yake alikuwa miongoni mwa wapigaji. Baada ya mapinduzi familia ilihamia Jeddah. Fidla ya babu ilibaki Unguja, na taarabu ikawa kitu cha kusikilizwa kwenye kaseti, madirisha yamefungwa, sauti chini.

Mimi nilizaliwa Jeddah. Muziki niliusomea Cairo, marehemu baba akinuna mpaka siku ya mwisho, kwa sababu kwake hiyo haikuwa kazi ya mtoto wa kike, wala haikuwa kazi. Siku hizi mambo yamebadilika. Nimeajiriwa kwenye okestra Riyadh, nimepanga chumba mtaa wa Al-Shumaisi, na jirani zangu huniuliza kama ndani ya kisanduku ninachobebea viola mna cherehani.

Viola ni kubwa kidogo kuliko fidla, na sauti yake ni nzito. Wimbo wenyewe hatupewi sisi, wanapewa fidla. Sisi tunakaa katikati tunajaza: noti ndefu, noti ndefu nyingine, kisha kunyamaza na kungoja. Wenzetu wa fidla wana utani juu yetu usiokwisha. Nami huwajibu kwamba pilau isiyo na bizari ni wali tu, na watu hawaalikwi harusini kula wali.

Lakini utani hauondoi hamu. Riyadh ni mbali na bahari na ni mbali na Mama, na miaka yote nilitamani kitu kimoja, aje anione nikipiga. Baba alipokuwa hai haikuwezekana. Alipofariki, Mama akawa na udhuru wake, mara miguu, mara wageni.

Mwaka jana okestra ilikwenda kupiga Jeddah, na Mama akakubali. Dada yangu ndiye aliyemleta. Nilimwona tangu anaingia, baibui jipya, na nina hakika waliokaa karibu naye walishiba harufu ya udi.

Sehemu ya pili ya onyesho, viola tulipewa wimbo. Ni mistari michache tu, ya polepole, na fidla ndizo zinazojaza. Hapo Mama akainuka. Alishika noti ya riali mkono juu, akaja kwenye njia ya katikati akiyumbisha mabega taratibu, kama wafanyavyo watu wa kwetu taarabuni mtu akiguswa na wimbo: hungoji umalizike, unakwenda mbele ya wote ukamtunze anayekugusa. Ukumbi mzima ulikuwa umekaa kimya. Yeye alikuwa anakuja kwangu.

Sikuona haya hata kidogo. Nilifurahi, nikaendelea kupiga macho yakiwa kwake. Kisha msichana wa ukumbini akamshika mkono kwa adabu, akamrudisha kitini, na wimbo ukarudi kwa fidla.

Baada ya onyesho nilimkuta Mama kwenye gari na dada. Aliniuliza kama amenitia aibu. Nikamwambia hapana.

"Watu wote wamekaa tu, mwanangu," alisema. "Nikadhani mle ndani huna mtu."

Nikamwomba anipe tunzo langu pale pale. Akakataa. Wimbo ukishakwisha, alisema, hilo si tunzo tena, ni nauli ya teksi. Akaifunga noti kwenye ncha ya leso, akamwambia dada aondoe gari.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Njia nzima ya kurudi Riyadh nilijiuliza kwetu ni wapi, na sikupata jibu lililonituliza.

Mwezi ujao tunapiga tena Jeddah. Magoti ya Mama yameharibika, sasa anatembea kwa kushika ukuta, na dada anasema tusitegemee safari nyingi tena. Kwa hiyo nilikwenda kwa msimamizi wetu, nikamweleza desturi hii kwa Kiarabu, nikimwomba mama yangu aachwe apite. Alinisikiliza vizuri. Akasema maua yanaruhusiwa, mwishoni, nyuma ya jukwaa.

Jana nikampigia Mama simu, nikamwambia ruhusa niliyoipata ni ya maua, baada ya kumaliza. Nilimsikia dada akimuuliza kuna nini.

"Maua nitakupa nyumbani," alisema Mama. "Miye nnataka nikutunze uko kitini pako, unapiga, wote wale waone kuwa una wenyewe."

Nilimwomba tu asikate simu.