Ndama Aliyekataa Uji

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Wamaitha Ngigi ameketi mbele ya kompyuta katika chumba kilicho juu ya duka la dawa za mifugo mjini Kitengela. Kompyuta imewashwa, lakini haiangalii. Anaangalia simu.

Chai aliyojimiminia imefanya utando. Nje, malori yanayoelekea Namanga yanapita yakitetemesha kioo cha dirisha, na kila kioo kinapotetemeka yeye hugeuza simu kuona kama kuna aliyepiga.

"Walitoka Kajiado saa kumi na moja," asema. "Wanafaa kuwa wamefika."

Anaowazungumzia ni wauguzi watatu waliotumwa katika kijiji kimoja upande wa Kimana kuwapima watoto wenye homa. Wanafuata orodha ya familia arobaini na tatu ambayo Wamaitha aliiandaa. Orodha hiyo imechelewa karibu miezi miwili, na aliyeichelewesha, kwa maneno yake mwenyewe, ni yeye.

Wamaitha, mwenye umri wa miaka 34, huchambua jumbe. Shirika dogo analofanyia kazi lina nambari ya simu isiyotozwa pesa, ambayo mkazi yeyote wa Kajiado anaweza kuitumia kueleza shida yake: kisima kimekauka, fisi wameingia zizini, barabara imekatwa na maji. Kila mwezi huingia jumbe kama elfu tisa.

Hakuna mtu wa kuzisoma zote. Kwa hivyo Wamaitha huzipitisha kwenye programu inayozigawa katika mafungu kulingana na mada, kisha kila fungu hutumwa kwa ofisi inayohusika. La maji huenda kwa watu wa maji, la mifugo kwa watu wa mifugo.

Programu yenyewe haijui maana ya neno hata moja. Inachofanya ni kuhesabu ni maneno gani hupenda kukaa katika ujumbe mmoja. Ikiona "kisima", "pampu" na "mtungi" vikifuatana mara nyingi, inaviweka pamoja. Kazi ya kulipatia fungu hilo jina ni ya binadamu.

"Ni kama belo la mitumba," aeleza. "Hujaambiwa ndani kuna nini. Unamwaga chini, unaanza kuona sweta zimekuja na soksi nzito, kaptura zimekuja na taulo. Wewe ndio unasema hizi ni za baridi, hizi ni za jua. Nguo haisemi."

Mfano huo haukutoka mbali. Aliuza mitumba katika soko la Kitengela kwa miaka sita. Soko lilipofungwa wakati wa korona, alianza kufuata masomo ya bure kwenye simu, akiyanakili katika madaftari ya shule ya bintiye, Ciku. Kila hatua aliijaribu mara tatu kabla ya kuendelea na nyingine.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa jumbe mia mbili za kikundi cha akina mama ambacho yeye ni mwanachama. Programu ilimrudishia mafungu matatu: michango, matanga, na watu wanaoomba msamaha kwa kuchelewa.

"Sijui kama programu ilikuwa janja ama ni sisi tuko rahisi hivyo," asema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. Kisha anaitazama simu tena.

Sehemu ngumu ya kazi hii, asema, ni kusafisha jumbe kabla ya programu kuzisoma. Watu wa Kajiado huandika Kiswahili wanavyokizungumza nyumbani. Kuna anayeandika "mbuzi" na anayeandika "mbusi", na programu huamini hao ni wanyama wawili. Ng'ombe peke yake ameandikwa kwa namna kumi na moja. Wamaitha ana orodha ndefu ya kusawazisha maneno hayo, aliyoitunga mwenyewe, mstari kwa mstari.

Kosa lilikuwa katika mstari mmoja wa orodha hiyo.

Mwezi Februari aliona neno la Kimaa likirudi sana katika jumbe: oltikana. Hakulijua. Familia yake ilitoka Murang'a na Kimaa chake hakipiti salamu. Alishuka ngazi akamuuliza mwenye duka la dawa za mifugo, ambaye alimwambia bila kusita kwamba oltikana ni ndigana, ugonjwa wa kupe unaoua ndama. Akamwonyesha hata dawa yake kwenye rafu.

Jibu hilo lilikuwa sahihi. Aliporudi juu, aliona pia kwamba wafugaji wengi hawaandiki "ndama". Huandika "mtoto wa ng'ombe", na mara nyingine "mtoto" tu, kwa sababu anayesoma anafikiriwa kujua. Neno hilo lilikuwa likiichanganya programu, ambayo iliwaweka ng'ombe katika fungu moja na karo za shule.

Akaongeza kanuni moja: katika kila ujumbe wenye neno oltikana, "mtoto" ligeuzwe kuwa "ndama".

Mafungu yalitulia mara moja. Fungu la saba likawa safi kuliko yote: oltikana, ndama, kupe, homa, dawa. Aliliita ndigana, na kwa ripoti mbili mfululizo, ya Aprili na ya Mei, likaenda kwa maafisa wa mifugo.

"Nililifurahia hilo fungu," asema polepole. "Hiyo ndiyo inaniuma. Nilikuwa nalionyesha watu."

Aliyeligundua kosa ni Parmuat, daktari wa mifugo aliyestaafu ambaye shirika humlipa nauli na chakula cha mchana ili kukagua maneno ya Kimaa. Kila baada ya wiki mbili Wamaitha humpelekea karatasi nyumbani kwake mjini Kajiado. Yeye humwita Mzee, naye humwita Mama Ciku, na hakosi utani kuhusu watu wa viazi wa Murang'a waliokuja kuwafundisha Wamaasai hesabu ya ng'ombe.

Kwa kawaida humpelekea orodha za maneno peke yake. Wiki tatu zilizopita Parmuat alisema macho yake yamechoka na maneno yasiyo na watu, akaomba asomewe jumbe zenyewe. Wamaitha alifungua fungu la saba kwenye kompyuta aliyokuja nayo, akasoma ule wa kwanza, kama ulivyokuwa baada ya kusafishwa: ndama ana oltikana siku ya tano, analia, amekataa uji.

Parmuat alicheka hadi akakohoa. Akauliza kama kule Murang'a ndama hupewa uji na sukari ama bila.

Wamaitha naye alicheka. Kisha Parmuat akanyoosha mkono apewe kompyuta.

"Mama Ciku," alimwambia, "huyu si ndama."

Alimweleza kwamba kwa Kimaa ng'ombe akishikwa na ndigana, hiyo ni oltikana. Mtu akishikwa na malaria, hiyo pia ni oltikana. "Neno ni moja," alisema. "Mgonjwa ndiye tofauti. Na wewe umewapatia wote kwato."

Wamaitha asema hakumbuki alivyofika stendi ya magari siku hiyo. Anachokumbuka ni kwamba alirudi kesho yake asubuhi na jumbe zote za oltikana zilivyokuwa kabla ya kusafishwa. Zilikuwa 612. Katika hizo, 214 zilikuwa na neno "mtoto".

Kwa siku tatu waliketi sebuleni kwa Parmuat, yeye akisoma kwa sauti na Wamaitha akitia alama. Mia moja kasoro nne zilihusu ndama kweli. Sabini na moja zilihusu watoto wa watu: mtoto aliyeshindwa kwenda shule, mtoto anayetetemeka chini ya blanketi mchana wa jua, mtoto aliyetapika dawa. Arobaini na saba hawakuweza kuziamua. Mmoja ulisema tu: "Mtoto oltikana bado. Saidia."

Kati ya zile sabini na moja, nyingi, za familia arobaini na tatu, zilitoka sehemu moja karibu na Kimana, pembezoni mwa mifereji ya kumwagilia vitunguu, na karibu zote zilitumwa baada ya mvua za Aprili.

Kumwambia mkubwa wake, Oscar Musila, kulimchukua dakika nne. Alizihesabu. Musila alimuuliza ripoti ngapi zimetoka hivyo. Akamwambia mbili. Musila akauliza ni nani aliyezitia sahihi. Zote mbili zilikuwa na sahihi ya Musila mwenyewe.

Nilipomtafuta kwa simu, Musila hakukwepa swali. Alisema aliziona ripoti hizo, akapenda michoro yake, na hakufungua ujumbe hata mmoja. "Niko na digrii ya takwimu," alisema. "Ningeuliza. Sikuuliza." Orodha mpya ilifika kwa watu wa afya siku hiyo hiyo. Gari na vipimo vilichukua wiki mbili kupatikana.

Kuhusu kandarasi ya Wamaitha, ambayo hufanywa upya kila miezi mitatu na inaisha Ijumaa hii, Musila alisema uamuzi si wake pekee. Wamaitha hulipwa Sh32,000 kwa mwezi. Hajaambiwa lolote, wala hajauliza. Asema kuuliza sasa kungekuwa kama kujiweka mbele ya foleni ya wagonjwa.

Katika wiki hizo mbili za kungoja alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alimpigia simu aliyeandika kuhusu uji.

Anaitwa Naserian, mama wa watoto watatu. Alikuwa ametuma ujumbe ule mara mbili. Wa pili ulipokosa jibu, alimbeba mtoto kwa pikipiki hadi hospitali, na mtoto akapona. Jirani yake alizidi kungoja, kwa sababu Naserian alikuwa amemhakikishia kwamba nambari hiyo hujibu. Mtoto wa jirani bado yuko kitandani.

"Mlijibu," Naserian alimwambia Wamaitha. "Mlituletea watu wa kuogesha mbuzi. Mbuzi zetu ziko safi sana."

Wamaitha alimwomba msamaha na kumweleza habari ya mafungu, ya kupe, ya neno lenye maana mbili. Naserian alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo wewe ndiyo ile kompyuta?" aliuliza.

Wamaitha akasema ndiyo.

"Basi andika mtoto ni mtoto. Ile ya ng'ombe tutakuambia sisi."

Kanuni ile imefutwa. Wamaitha anaonyesha mahali ilipokuwa, mstari mtupu kati ya "mbusi" na "ngombe". Lakini anasema haimtulizi kuutazama, kwa sababu chini yake kuna mistari mingine mia tatu na kumi na nane aliyoiandika kwa uhakika ule ule. Ameanza kuikagua upya, kumi kwa siku. Jana alipata mmoja uliomtia shaka. Leo hajafungua orodha hiyo.

Saa tatu na robo simu inaita kweli. Ni Lorna, muuguzi anayeongoza kundi lililoenda Kimana. Wamaitha anasimama kuipokea. Anasikiliza, anaandika tarakimu mbili kwenye karatasi, anauliza kama wana dawa za kutosha. Anauliza kuhusu mtoto wa jirani ya Naserian. Kisha anaketi.

Wamepima watoto kumi na wanne wa kwanza. Watano wana malaria. Mtoto wa jirani ni mmoja wao, na amewekwa kwenye gari apelekwe hospitali. Yuko macho, asema Lorna, lakini ni mnyonge sana, na hatasema zaidi ya hapo.

Lorna alikuwa na ombi pia. Vipimo walivyobeba vitabaki, na gari ni lao hadi kesho jioni. Je, ni wapi kwingine waende?

Wamaitha anavuta rundo la karatasi zenye jumbe arobaini na saba ambazo yeye na Parmuat hawakuweza kuziamua. Anasema angependa siku moja kila fungu lisomwe na mtu anayezungumza lugha ya walioandika, kabla halijaenda popote. Amezungumza na wanawake wawili wa Kimana na mmoja wa Namanga ambao wangeifanya kazi hiyo. Ameandika pendekezo la kurasa tatu. Atalipeleka kwa Musila siku ya Ijumaa, siku ile ile kandarasi inapoisha, na asema litafaa hata kama atakayelisimamia ni mtu mwingine.

Hayo ni ya Ijumaa. Sasa anabonyeza nambari ya kwanza kwenye rundo, anaweka simu sikioni, na anangoja. Inaita kwa muda mrefu. Mwanamume mmoja anapokea, na nyuma yake kunasikika upepo na kengele za mifugo.

Wamaitha anamsalimu kwa Kimaa, anavyojua. Anajitambulisha. Anamsomea ujumbe wake kama alivyouandika, bila kubadilisha hata herufi.

"Samahani, baba," anamwambia. "Huyo mtoto ni wako, ama ni wa ng'ombe?"

Upande wa pili mtu anacheka kidogo. Halafu kicheko kinakatika, na anaanza kueleza.

Wamaitha anachukua kalamu.